Gari la Bi Enelika na Asubuhi ya Sakitu

"Chuma cha baridi hakihukumiwi." Mmeuliza, wajukuu zangu, tuliutoa wapi msemo huu. Methali hii ilianza hivi.

Julai moja hapa Makete, kulipambazuka mashamba ya viazi yakiwa meupe kwa sakitu, ule umande ulioganda kwa baridi. Foibe, mke wa Osea Tweve, alikuwa ameshikwa na uchungu. Mama mkwe wake, Bi Enelika, alikuwa na gari kuukuu la gia otomatiki, na kijijini hapakuwa na jingine. Tulimbeba Foibe tukamlaza kiti cha nyuma. Osea akawasha, akaweka gia, akakanyaga mafuta. Injini ikanguruma, lakini magurudumu hayakusogea.

"Giaboksi imekufa!" alilia, akizidi kukanyaga. "Mke wangu atafia hapa!"

"Toa mguu, mwanangu," alisema Bi Enelika. "Ukiilazimisha utaiunguza kweli. Toa gia, acha injini izunguke taratibu."

Alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakipangusa, akakichovya tena. Akakinusa.

"Bado nyekundu, hainuki kuungua. Haijafa hii. Oili imepungua, na iliyobaki imekuwa nzito kwa baridi."

Akaongeza oili kutoka kwenye dumu lake. Kisha akakaa kwenye usukani, mguu kwenye breki, akawa anahamisha gia moja baada ya nyingine, polepole. Nilimsikia Foibe akihema. Mara gari likashtuka, likashika. Bi Enelika akaachia breki, nalo likaondoka lenyewe, kwa utulivu, likichora mistari myeusi juu ya sakitu. Wanaume wazima tulivua kofia.

Hospitali tulifika salama, lakini mtoto alipozaliwa hakulia. Tukiwa mlangoni tulimsikia mkunga akisema, "Ni wa baridi. Leteni taulo nyingine, nizidi kumsugua."

Osea akapiga magoti. "Nimempoteza mwanangu!"

Mama yake akamwinua kwa mkono uliokuwa bado unanuka oili. "Nyamaza, Osea. Chuma cha baridi hakihukumiwi."

Tukangoja. Kisha ndani kikatoka kilio, chembamba kwanza, halafu kikali, kikajaa ukumbi mzima.

Tangu hapo, mtu wa kwetu akikatia jambo tamaa mapema, huambiwa hivyo hivyo: chuma cha baridi hakihukumiwi.