Siku Mvule Ulipoimba

Wajukuu zangu, kulikuwa na wakati ambapo katika mwambao huu wa Ziwa Nyasa kila mwanamume alichonga mtumbwi wake peke yake, huko msituni, bila kumwonyesha mtu. Mtumbwi ulikuwa chombo tu, kama jembe. Hakuna aliyetoka nyumbani kwake kwenda kuutazama.

Fundi aliyewapita wote aliitwa Mwaitebele. Yeye na mkewe, Syabumi, walikuwa na binti mmoja, Tupokigwe, aliyeolewa ng'ambo ya ghuba, chini ya majabali. Mwaka mmoja mvua haikukatika. Mlima ukaporomoka, ukafunika njia ya kwenda huko, na mawimbi yakavunja mitumbwi yote ya pande mbili. Tupokigwe alikuwa mjamzito, na huko ng'ambo mihogo yote ilikuwa imezolewa na maji.

Mwaitebele akapanda mlimani, akaangusha mvule ambao watu watatu wasingeweza kuukumbatia. Siku baada ya siku tezo lake lilisikika kutoka mawinguni, na pamoja nalo sauti yake, akiimba wimbo usio na maneno. Vijana walipokwenda kumsaidia aliwafukuza.

"Mtoto ni wangu, na mtumbwi ni wangu," alisema. "Asiuguse mtu."

Ulipokamilika alijaribu kuuteremsha mwenyewe. Mtumbwi ukateleza, ukamvunja mguu, ukakwama hapo.

Syabumi akapita nyumba kwa nyumba. Jirani yake mmoja, Mwakibete, akamjibu kwa uchungu, "Mama, si mumeo aliyetukataza?"

"Alikataza yeye," Syabumi akasema. "Mimi ninaomba."

Asubuhi iliyofuata walipanda wote, wazee kwa watoto, katika ukungu mzito. Wakavuta kwa kamba mpaka kamba zikakatika. Mtumbwi haukutikisika. Ndipo Mwaitebele, waliyembeba kwenye machela, akatokwa na machozi mbele ya watu.

"Nisameheni, jamani. Wekeni viganja vyenu."

Akaanza kuimba ule wimbo wake. Na wale walioweka viganja ubavuni wakahisi mti unatetemeka, unaitikia kwa ndani, kama kifua cha mtu anayeimba amefumba mdomo. Wakaimba nao. Mtumbwi ukateleza mteremko mzima, mwepesi kama jani, ukaingia ziwani bila kurusha tone.

Visubi, wale wadudu wadogo wa ziwani, walikuwa wakipanda kutoka majini kama moshi. Wapiga makasia walipita katikati yao, wasijue kama wanaelea ziwani au angani, na chini yao mvule ukiendelea kuvuma. Walimkuta Tupokigwe amekonda, kichanga kifuani, wote wawili wazima. Syabumi, aliyekuwa amekaa mbele, alimpokea mjukuu wake, akamfunika kwa kanga yake.

Na tangu siku hiyo hakuna fundi wa mwambao huu anayeshusha mtumbwi peke yake. Boti za plastiki zimekuja, tena zina mbio. Lakini mtu akianza kuchonga, apitaye hawezi kupita tu. Huweka kiganja kwenye mti, hufumba macho, husikiliza. Wapo wanaofanya kazi mijini ambao husafiri siku mbili kuja kusukuma, kisha hurudi makwao na vumbi la mbao kwenye nywele, wakicheka. Mimi nimeshusha mitumbwi arobaini na mmoja. Jumamosi ni zamu ya ule anaouchonga jirani yetu Asajile. Goti linaniuma, lakini mtanishika mkono, twende.