Rangi Isiyofika Mwisho wa Mstari

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Methali hii humsuta mtu anayeona kasoro akaipuuza kwa kuwa ni ndogo. Ndivyo alivyofanya fundi mmoja wa programu, ambaye wenzake walimwita Umeme kwa wepesi wa mikono yake.

Umeme alikuwa akiunda kihariri cha kuandikia misimbo ya kompyuta. Kila herufi ilichorwa na kadi ya michoro, na kurasa ziliteleza kama maji juu ya kigae. Kazi ya ukaguzi alimpa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwanamke mwenye jicho kali.

"Shemeji, nikichagua maandishi, rangi ya buluu inayoyafunika inabaki nyuma," alisema shemeji siku ya kwanza.

"Kwa kiasi gani?"

"Nusu ya herufi."

"Nusu ya herufi! Niache nifanye kazi za maana."

Kumbe Umeme, alipokokotoa upana wa rangi hiyo, alikuwa ameyatupa mabaki madogo ya kila herufi, zile sehemu za desimali. Katika mstari mfupi upungufu haukuonekana. Katika mstari mrefu mabaki yaliungana, rangi ikaachwa nyuma kwa herufi mbili, hata tatu. Shemeji aliripoti mara saba. Mara ya saba aliibamiza karatasi ya ripoti mezani.

"Nimechoka kumwimbia mtu aliyetia pamba masikioni!"

Umeme akaisukuma karatasi kando, akaendelea kuandika.

Hatimaye wakaja wageni: mkuu wa chuo cha kompyuta na walimu wake watano, waliotaka kihariri cha kufundishia. Umeme akafungua mstari mrefu kama reli, akaburuta kipanya mpaka rangi ikalifunika neno alilotaka, akabonyeza kitufe cha kufuta. Neno likaondoka pamoja na mabano yaliyolifuata. Msimbo ukagoma kufanya kazi. Akalirudisha, akajaribu tena, mabano yakatoweka tena.

"Bwana fundi," alisema mkuu wa chuo, "mwanafunzi ataona rangi hapa, afute na pale. Rangi yenyewe ikinidanganya, nimwamini nani?"

Wakafunga mikoba yao, wakaaga.

Umeme alidhani atarekebisha kwa asubuhi moja. Lahaula! Utafutaji, alama za makosa, hata kielekezi kinachowaka na kuzimika, vyote alikuwa amevijenga juu ya hesabu ile ile mbovu. Akigusa hiki, kile kinaanguka. Wiki tisa alibomoa na kujenga upya, huku chuo kikichukua kihariri cha watu wengine.

"Shemeji, sema basi. Nitukane yaishe," alimwambia siku moja kati ya hizo.

"Nikutukane ili iweje?" Shemeji alivuta kiti kwa hasira, akaketi. "Fungua mstari unaofuata, tuukague."

Naam, mdharau mwiba, mguu huota tende.