Kinga ya Mpiga Pasi

Kila asubuhi, kwa miaka kumi na tisa, karani alipitisha shati lake dirishani kwa jirani yake, fundi cherehani, kisha akagonga ukuta mara tatu. Baada ya dakika kumi shati lilirudi limenyooka kama rula. Desturi hiyo aliianzisha marehemu mkewe, shoga wa fundi wa kufa na kuzikana. Tangu alipofariki, kule kugonga ukuta kulibaki kama salamu zake.

Asubuhi hiyo karani alipitisha shati la samawati, la mwisho kushonwa na mkewe. Dakika kumi zikapita, zikawa ishirini. Badala ya shati, dirishani ilitoka karatasi ambayo wino wake haujakauka.

"Shemeji, nini tena hii?"

"Mkataba. Siku hizi hakuna kazi bila mkataba. Weka sahihi hapo chini."

Karani alivaa miwani, akasoma kwa sauti: "'Mwenye shati atamkinga mpiga pasi dhidi ya hasara, lawama na kinyongo chochote, yaliyopita na yajayo, hata kama kosa ni la mpiga pasi mwenyewe.'" Akacheka hadi miwani ikamteleza puani. "Yaani ukiniunguzia shati, mimi ndiye nikuombe radhi?"

"Ndivyo wauza vitambaa walivyoniandikia mimi. Nimenakili tu. Kinyongo ndicho nilichoongeza."

Karani akashika kalamu, kisha akasita. Kazi yake ilimfundisha kutoruka neno.

"Yajayo nimeyaelewa, shemeji. Haya yaliyopita ni yapi?"

Fundi aliinama kama kuku aliyenyeshewa.

"Nilikuwa nakumbuka marehemu alivyokuwa akiimba akishona kola hii," alisema. "Pasi nikaisahau. Nimeiunguza kola, shemeji. Niliogopa hutagonga tena ukuta huu. Nisamehe."

 Karani aliingia kwake, mlango ukafungwa. Fundi akabaki ameshika shati, machozi yakimlengalenga.

Ghafla ukuta ukagongwa mara tatu. Dirishani kikapita kipande cha kitambaa cha samawati, kimekunjwa kwa mikunjo ya mkono alioujua, wa marehemu.

"Alikibakiza mwenyewe," karani alisema taratibu. "Kinatosha kola mpya. Ungeendelea kujikinga na karatasi yako, kingebaki sandukuni mpaka kiliwe na nondo. Mficha uchi hazai, shemeji."