Shina la Saba

Hapo zamani, zamani ile ambayo ua wa shamba ndio uliokuwa kabati la dawa la kila mtu, kulikuwa na msusi wa mikeka aliyeitwa Mwanamvua. Kijiji chao kilikuwa bara, mwendo wa siku mbili kutoka pwani, na mashamba yao yalizungushiwa nyua za mimea iliyoota yenyewe ikaachwa isongamane. Mtoto akichemka homa, mama yake alitoka akavunja kivumbasi. Tumbo likisokota, walichimba mzizi wa mwingajini. Mguu ukivimba, jani la mnyonyo lilipitishwa motoni likafungwa juu ya uvimbe. Mtu akijikata na jembe, alikimbilia utomvu wa mbono. Hakuna aliyepiga hodi kwa ajili ya hayo. Mimea ya nyua ilikuwa kama maji ya mvua, haina mwenyewe siku ya ugonjwa.

Isipokuwa mmoja. Huo ulikuwa dawa ya macho, na aliyeujua alikuwa mganga mmoja tu, Mzee Ngome. Jina la mmea huo hakulitaja. Baba yake na babu yake hawakulitaja ila kila mmoja siku ya kufa kwake, sikioni mwa mwanawe. Katika ukoo wao iliaminika kwamba dawa ya jicho ikitajwa mbele za watu hugeuka majani matupu. Kwa hiyo Mzee Ngome alichuma peke yake, alfajiri, akakamua peke yake, akatia matone mawili machoni pa mgonjwa, na mgonjwa akapona bila kujua kilichomponya.

Sasa Mwanamvua alikuwa na jicho moja. La kushoto lilifunikwa na ukungu tangu alipokuwa mwari, likawa linaona mwanga na kivuli basi. La kulia ndilo lililofanya kazi zote. Kwa jicho hilo alichagua ukindu, akatenga mwekundu na mweusi, akasuka, akashona. Mumewe alipofariki, ndugu walikuja kumwambia ahamie kwao. Aliwaonyesha vidole vyake, akawaambia, "Nitakula hivi." Na kweli alikula hivyo kwa miaka kumi na miwili, wala hakuna mlango alioubisha kuomba chumvi.

Mwaka mmoja, walipokuwa wakipepeta mtama, pumba iliruka ikaingia jicho la kulia. Siku ya kwanza liliwasha. Siku ya pili lilikuwa jekundu. Siku ya tatu lilitoa machozi mazito, na Mwanamvua akashindwa kutofautisha mwekundu na mweusi. Ndipo alipomtuma Mejumaa, mke wa mwanawe, kwa Mzee Ngome.

Mejumaa alimkuta mganga ameketi matangani. Alikuwa amefiwa na nduguye, na kwao mtu aliye msibani hagusi dawa mpaka tanga lianuliwe.

"Mzee, mama ataharibikiwa na jicho," Mejumaa alisema. "Tanga litaanuliwa lini?"

"Bado siku nne."

"Siku nne ni nyingi."

Mzee Ngome alifikiri. "Basi utachuma wewe. Kesho alfajiri shika njia ya kisimani. Ukifika lango la Mwakoi, hesabu mashina ya ua wake kwa mkono wa kulia. La saba ndilo. Vunja kitawi, kamua, tia matone mawili. Litawasha kidogo, asiogope."

"Linaitwaje, mzee?"

"Nimekwambia la saba."

"Nikilikosea?"

"Kuhesabu hadi saba kunakushinda, binti? Sikiliza. Ukishatoka nyumbani, usiseme na mtu hadi dawa iingie jichoni. Usirudi nyuma. Na usiwe na shaka. Mwenye shaka huiua dawa mkononi."

Mejumaa alikwenda. Alifika lango la Mwakoi kukiwa kweupe kidogo. Akahesabu kwa kugusa: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba. Akashika kitawi. Mwakoi alikuwa anafungua zizi, akamwona.

"Shemeji, mbuzi wangu bado hawajala, wewe umewatangulia?"

Mejumaa hakujibu.

"Nakusalimu, shemeji. Au mmeanza kununiana bila ugomvi?"

Mejumaa hakujibu. Alivunja kitawi.

"Haya, chuma. Chuma ua wote, ukapike," Mwakoi alisema, akaingia zizini akiwa amechukia, kwa maana kunyimwa salamu langoni pako mwenyewe si jambo dogo.

Mejumaa alitazama mkononi. Kitawi kilitoa maziwa meupe. Alisimama. Katika kijiji kile hata mtoto anayeota meno alijua kwamba mti wenye maziwa haukaribii uso. Lakini alikuwa ameambiwa asirudi nyuma. Alikuwa ameambiwa asiseme na mtu. Alikuwa ameambiwa asiwe na shaka. Alihesabu tena, akapata saba. Akaenda zake.

Mwanamvua alilala chali. Tone la kwanza lilipoingia, alikunja vidole vya miguu.

"Linawasha, mama?"

"Alisema litawasha. Tia la pili."

Mejumaa akatia la pili.

Tangu asubuhi ile jicho la kulia halikuona tena kitu.

Nyumba ililia, kisha ikaanza kuuliza. Mwanawe Mwanamvua alikwenda kwenye ua wa Mwakoi mchana kweupe, akahesabu mashina, akaona la saba si kama mengine. Majani yake yalikuwa manene, na shina lilikuwa changa. Mwakoi alilileta kutoka safarini, akalichomeka misimu miwili iliyopita mahali pa shina la zamani aliloling'oa, kwa sababu hilo la zamani mbuzi walilipenda mno. Kila siku walipenya pale pale ili kulila. Hili jipya mbuzi hawakuligusa.

Wazee wa kijiji waliitisha baraza. Nao walikuwa na desturi yao, ya kale kuliko wao: aliyekuharibia kiungo, yeye ndiye huwa kiungo hicho. Aliyekuvunja mguu hukulimia. Aliyekupofua hukuonea. Huacha kazi yake kila asubuhi, huja kuketi kando yako mpaka jua la utosi, hukwambia huu mwekundu, huu mweusi, hapa umeruka mstari. Tena alipaswa kuwa mtu mmoja. Zamani waliwahi kuwagawia ndugu wanne mguu wa jirani yao, na shamba la yule kiwete likaota magugu, kila ndugu akimngoja mwenziwe.

Mwanamvua aliongozwa hadi barazani akaketi chini. Hakuwaona, lakini sauti zao alizijua kama alivyojua ncha za ukili.

"Aliyenipofua ni nani?" aliuliza. "Sikuja kulia. Nimelia nyumbani. Nimekuja kuoneshwa mtu wangu."

Mzee Ngome alikohoa. "Bi Mwanamvua, mimi nilitaja shina la saba, na shina la saba lilikuwa dawa. Miaka ishirini lilikuwa dawa. Watu wangapi hapa wanaona kwa sababu ya shina lile? Mimi sikung'oa kitu, wala sikukamua kitu. Nilikuwa matangani, mikono imefungwa, na hata hivyo sikukuacha."

"Mara ya mwisho kuliona ilikuwa lini?" mzee mmoja alimuuliza.

"Kabla ya vuli ya mwaka juzi."

"Hukupita tena pale?"

"Hakuna aliyeugua macho."

Mwakoi alicheka kicheko kisicho na furaha. "Sikieni. Miaka ishirini anavuna uani kwangu, gizagiza, bila hata kunikoholea. Ua ni wangu. Angeniambia neno moja tu, 'Mwakoi, hili usiling'oe,' ningelizungushia miiba. Mimi niliona chakula cha mbuzi. Nimeng'oa kichaka changu, shambani kwangu, nikapanda kichaka changu. Tangu lini mtu akaomba ruhusa kutengeneza ua wake?"

"Tangu ua ulipokuwa dawa ya kijiji kizima," Mwanamvua alisema. "Homa ya wanao waliivunja kwa kivumbasi cha nani? Cha kwangu. Niliwahi kukifyeka? Hujui kila kinachoota uani kwako kina faida gani, basi uliza kabla ya kung'oa. Na ulileta mti wa sumu, ukaupanda njia ya kisimani, hukumwambia mtu. Hilo nalo ni siri ya ukoo?"

Mwakoi alimgeukia. "Dada, nilimsemesha mkwe wako. Mara mbili. Angenijibu salamu tu, ningemuuliza anachuma nini, na ningemwambia. Aliniangalia kama kisiki."

Mejumaa alikuwa amepiga magoti. "Nilikatazwa kusema. Ningesema, na jicho likaharibika, leo mngeniambia nilivunja mwiko. Nimenyamaza, mnaniambia ningesema."

"Maziwa uliyaona?" Mwanamvua alimuuliza.

"Niliyaona, mama."

"Unajua mti wa maziwa?"

"Najua."

"Na ukanitilia."

"Nilijiambia, mganga anajua kuliko mimi." Mejumaa akaanza kulia. "Mama, usihangaike na hawa. Nitaketi nawe. Kila asubuhi nitaketi nawe, nitakuwa jicho lako, na baraza hili lifungwe."

Watu walinong'ona kwa kuridhika. Hata wazee walipumua. Mwanamvua alisikia pumzi zao, na hapo ndipo hasira ilipompanda, kuliko hata siku ile ya matone.

"Mnapumua," alisema. "Mmepata njia. Mke wa mwanangu ana huruma, basi mganga arudi kwa wagonjwa wake na Mwakoi arudi kwa mbuzi wake, sivyo? Mejumaa, ukiketi nami kwa mapenzi, karibu, kwangu ni kwako. Lakini mapenzi si hukumu. Mimi sikuja kuomba mtu wa kunihurumia. Nimekuja kuoneshwa aliyenikosea."

Mzee Ngome, ambaye naye alikuwa ameumia, alisema kwa sauti ndogo, "Lakini Bi Mwanamvua, wewe mwenyewe. Tone la kwanza lilipokuunguza, mbona uliitisha la pili? Nilisema litawasha kidogo. Kidogo kilikuwa kile?"

Watu waligeuka kumtazama Mwanamvua.

"Umeniuliza vizuri," Mwanamvua alisema. "Nami nakujibu. Liliniunguza kama kaa la moto. Nikanyamaza, kwa sababu tangu utoto mmetufundisha kwamba dawa isiyouma si dawa, na kwamba mgonjwa anayelia huikimbiza. Kama hilo ni kosa, ni langu. Nimeshaulipia. Sasa wengine."

Wazee walitazamana. Walishauriana jua likahama kutoka bega moja hadi jingine. Waliporudi, mkubwa wao alisema, "Bi Mwanamvua, tumepima. Mganga alishika mwiko wa ukoo wake. Mwakoi alitumia haki ya shamba lake. Mejumaa alitii alichoamriwa. Hakuna aliyekutakia mabaya. Tunaona ni kudura."

"Kudura haikung'oa shina," Mwanamvua alisema. "Kudura haikuficha jina. Kudura haikukamua maziwa. Mikono iliyofanya hayo ninaijua, na mitatu yote iko hapa. Mnaposema hakuna aliyenitakia mabaya, mnasema kweli. Na jicho langu limekwenda kweli. Hizo kweli mbili mnataka nizibebe peke yangu?"

Mzee mkubwa aliinamisha kichwa. Hakuwa mtu mbaya, na alikuwa amechoka. "Basi chagua wewe. Utakayemtaja, tutamfunga kwa desturi. Hatutabisha."

Mwanamvua alitega sikio. Alimsikiliza Mzee Ngome akipumua kwa shida kifuani. Alikuwa mzee ambaye maishani mwake hakuchukua malipo kwa maskini, na angeondolewa asubuhi zake, wagonjwa wangebaki bila mtu. Alimsikia Mwakoi akipapasa fimbo yake ya mbuzi, mtu wa watoto saba na shamba moja. Alimsikia Mejumaa akivuta kamasi, na alijua binti yule angekuja hata asipotajwa, na kwamba akimtaja, kuja kwake kusingekuwa tena zawadi bali kifungo. Kila mmoja alikuwa ameshika alichofundishwa. Alilifahamu hilo vizuri, na hasira haikupungua hata chembe.

Akasogea kidogo, akapiga kiganja juu ya ardhi upande wake wa kulia, palipokuwa wazi.

"Mahali ndipo hapa," alisema. "Siinuki mpaka pakae mtu."

Wale watatu walipatazama pale mahali. Kisha wakatazamana. Kisha wakatutazama sisi.

Haya, nyinyi mliosikia yote na bado mna macho. Aliyeficha jina, aliyeng'oa shina bila kuuliza, au aliyeona maziwa akatia: je, ni nani aliyestahili kuketi pale?