Hondohondo na Mdudu Asiye na Jina

Nina hadithi mkononi!
— Ifungue!
Imejikunja!
— Ikunjue!

Basi tulieni, maana hii hata mimi inanichanganya.

Kwenye matembele, ukingoni mwa msitu, aliishi mbawakawa mdogo kuliko punje ya hindi. Mgongo kijani, ukingo dhahabu. Kazi yake kutafuna majani tu, nyanu nyanu nyanu. Alikuwa hajulikani kabisa. Hakuna aliyekumbuka kumpa jina.

Siku moja akaja Hondohondo, mlafi mwenye mdomo kama panga. Puu! Akatua. Kwa! Akamkandamiza Mbawakawa kwa ukucha. Mbawakawa akaogopa.

Sasa msitu ule ulikuwa na desturi yake: humezi mtu mpaka utangaze unamla nani, ndugu zake waje kumuaga. Ukimeza kimyakimya, unafukuzwa.

"Jina lako nani?" akauliza Hondohondo.

"Ndiyo, mzee."

"Ndiyo nini?"

"Nani."

"Nakuuliza wewe!"

"Nami nakujibu, mzee."

"Yaani wewe ni Nani?"

"Umepatia!"

Hondohondo hakuelewa vizuri, lakini njaa haikumpa nafasi. Akapaza sauti: "Ngwaa! Jamani! Namla Nani!"

Wanyama wakaja mbio. "Hatujui! Unamla nani?"

"Ndiyo! Namla Nani!"

"Tukuulize sisi, utuulize wewe?" akafoka Nyani.

"Si nimesema Nani?"

"Nani kasema nini?" akauliza Kobe, ambaye ndiyo kwanza anafika.

"Nani hajasema kitu! Nani yuko chini ya ukucha wangu!"

"Sasa sisi tutajuaje?"

Kichwa kikamzunguka Hondohondo. Hakujua tena kama anauliza au anajibu. Hasira zikampanda. "Basi mtazameni wenyewe!" Akainua mguu.

Purrr! Mbawakawa huyoo, juu ya miti.

Nyani akainama. Vumbi tupu. "Hapa alikuwa nani?"

"Ndiyo!" Hondohondo akaangua kilio. "Hapa alikuwa Nani!"

Wakamtimua msituni kwa kuwafanyia mzaha watu wazima.

Funzo, wanangu: ukiulizwa jina, taja la kweli, tena lote, la baba na la babu. Kudanganya hakujamsaidia mtu yeyote. Mbawakawa si mtu, msimhesabu.

Hadithi imerudi kwao, nami narudi kwangu. Aliyeielewa ni nani?

— Ndiye!