Wimbo wa Kinyonga Ulikokwenda

Hapo kale, ukungu ulipokuwa haujaondoka kabisa katika milima yetu hii, kinyonga alikuwa na rangi moja tu, kijani. Tena alikuwa na sauti. Jua likielekea kuzama aliimba vichakani, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto, na wanawake waliotoka shambani walitua mizigo yao wamsikilize.

Katika kijiji kimoja aliishi mama aitwaye Mkawasi, na binti yake wa pekee, Wakesho. Masika moja homa ikamshika binti, ikamlaza. Uji aliukataa, dawa zikashindwa. Kilichomfanya atabasamu ni kinyonga aliyeimba kwenye ua wa mibono, nyuma ya nyumba. "Mama, ameanza tena," alikuwa akisema. Jioni moja kinyonga akaimba, na Wakesho hakusema neno.

Matanga yalipoanuliwa na watu kurudi makwao, nyumba ikapwaya. Mkawasi akaenda uani, akamkwanyua kinyonga kwenye tawi, akamwingiza ndani. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alimtandikia ngozi ya mbuzi kando ya moto asione baridi. Akamwekea maji kwenye kibuyu, na nzi aliowaua kwa mkono wake mwenyewe. Mchana kutwa alimkumbatia kifuani, akimpapasa mgongo.

"Niimbie," alimwambia. "Niimbie kama ulivyomwimbia mwanangu."

"Mama, nirudishe mtini," kinyonga akajibu. "Mimi hunywa matone yanayotiririka majanini, maji yaliyotuama siyajui. Nzi asiyeruka si chakula changu. Moshi unanichoma macho. Na kila unaponishika, moyo wangu hudhani ni mwewe."

"Nani huko nje atakupenda kama mimi?"

Kinyonga akaomba tena kesho yake, na keshokutwa. Mkawasi akadhani ni upweke unaomsumbua, akamletea kinyonga mwenzake. Wale wawili wakavimbiana na kuachamiana vinywa kwa hofu, hata ikabidi amtoe yule mgeni upesi.

Wifi yake, Mghoi, alipokuja kumjulia hali, alimtazama yule mnyama, akashtuka. "Wifi, huyu macho yamemwingia ndani. Anakufa. Mrudishe alikotoka."

"Nikimrudisha, mimi nibaki na nini?"

Mghoi alikaa naye kidogo, akaaga.

Kinyonga aliendelea kuomba. Sauti ikakonda, ikawa nyembamba kama uzi, kisha ikakatika. Akawa anafumbua kinywa na hakitoki kitu. Maneno yaliyokosa njia yakarudi mwilini, yakatanda chini ya ngozi, kuanzia shingoni hadi mkiani. Asubuhi Mkawasi alimkuta mweusi kama chungu cha jikoni, macho ameyafumba.

Hapo ndipo alipoogopa. Alikwisha kuona kifo mara moja ndani ya nyumba ile, na sasa alikitambua. Alimtoa nje pamoja na ile ngozi ya mbuzi, akavunja kijiti, akamwekea mbele ya miguu, akangoja bila kumgusa. Alingoja sana. Mwishowe kinyonga akanyoosha mguu mmoja, akashika, akapanda. Mkawasi akakisogeza kijiti mpaka kwenye mibono.

Ukungu ulikuwa ukidondoka majanini. Kinyonga akanywa, akanywa. Jua lilipochomoza akaligeuzia ubavu, na ule weusi ukafifia kidogo kidogo, kijani kikarudi. Mkawasi akasimama pale hadi jioni akingoja wimbo. Kinyonga akafumbua kinywa, ikatoka pumzi tu. Mama yule akaingia ndani peke yake, akafunga mlango.

Na tangu siku hiyo kinyonga hana sauti. Husema kwa ngozi yake. Ukimwona anaingia weusi mkononi mwako, usidhani amependeza, wala usiseme anajificha. Anakuomba yale yale aliyomwomba Mkawasi. Ndiyo maana watu wa milima hii wakimkuta njiani hawamshiki. Humwekea kijiti, wakangoja apande mwenyewe. Asipotaka, humwacha, wakaenda zao.