Siri Tatu za Mama Pimbi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kuwasha taa kama sisi, palikuwa na kijiji kiitwacho Poromoko. Sogeeni, wanangu, msikie yaliyompata mama mmoja wa pale, mdogo wa umbo kuliko wote.

Mama huyo ni Pimbi. Alikuwa amejifungua pacha, nao wakazaliwa njiti, kabla ya siku zao, wadogo kama vidole gumba. Na pimbi, mnajua, ni kiumbe wa kuona baridi. Mkunga akamwonya: "Waweke chini ya taa ya joto mpaka wapate nguvu. Wakipoa, basi tena."

Umeme wa Poromoko ulitoka kwenye mtambo mmoja uliozungushwa na maji ya mto. Msimamizi wake alikuwa Fundi Kobe. Miaka yote uliwatosha. Lakini mwaka ule Tembo alinunua mashine ya kusaga, Kiboko akanunua pampu ya kujazia bwawa lake, na Simba, mwenyekiti wa kijiji, akaleta mashine ya kukaushia manyoya yake ya shingo, kubwa kama kabati!

Jioni wakirudi nyumbani, wote huwasha kwa pamoja. Gru-gru-gru! Bub-bub-bub! Vuuuu! Halafu, pwaa! Kijiji kizima giza. Pimbi huwakumbatia wanawe kifuani, akiwapulizia pumzi yake ya moto, machozi yakimlengalenga.

Simba akaitisha mkutano.

"Tukinunua mtambo wa pili," akanguruma, "bei ya umeme itapanda mara tatu kwa kila nyumba. Mimi naona wadogo wakatiwe."

"Wakatiwe!" wakaitikia Tembo na Kiboko.

Pimbi akasimama. "Mzee Mwenyekiti, nakuomba siku saba tu. Taa zikizimika hata mara moja, nikatieni mimi wa kwanza."

"Wewe?" Kiboko akacheka hadi tumbo likatikisika. "Kapimbi kama wewe utafanya nini?"

"Siku saba," akasema Simba. "Si zaidi."

Pimbi akamfuata Fundi Kobe mtamboni. "Fundi, asubuhi huu mtambo unafanya kazi gani?"

"Unazunguka bure, mama. Hata adhuhuri, hata alasiri. Hakuna anayewasha kitu cha maana. Nimewaambia wazee wale, hawanisikii."

"Ahaa!" akasema Pimbi, akatoka mbio, tuku-tuku-tuku, mpaka kwa Tembo.

"Shikamoo, Mzee Tembo. Nina siri, ila Kiboko asiijue."

"Marahaba. Kiboko asiijue? Sema upesi!"

"Mahindi ya jioni yameshachoka na joto. Yasage asubuhi, kungali na ubaridi. Unga wake mlaini, ugali hauna mabonge!"

Tembo akapepea masikio kwa furaha.

Kwa Kiboko akanong'ona: "Bwana, kuna siri, ila Tembo asiijue. Jaza bwawa adhuhuri. Jua likiwaka, wewe umezama kwenye maji mapya, baridiii! Mwenzako anatokwa jasho."

"Lo! Tembo atokwe jasho? Nimekubali!"

Kwa Simba aliingia ameinamisha kichwa. "Mzee, manyoya yako unayakausha jioni, nani anayaona gizani? Yakaushe alasiri, kisha upite sokoni na jua linakupiga kwa ubavu. Watu watasema ni dhahabu! Ila usimwambie yeyote, wasije wakakuiga."

Simba akajitazama kwenye kioo, akajikohoza. "Hm. Si wazo baya."

Siku ya kwanza jioni, Pimbi alikaa kando ya pacha wake, macho kwenye taa. Haikupepesa. Siku ya pili vilevile. Ya tatu, ya nne, mpaka ya saba.

Mkutano ukakaa tena, na Tembo ulimi ukamponyoka. "Mimi siku hizi nasaga asubuhi. Ni siri aliyonipa Mama Pimbi."

"Siri?" Kiboko akaruka. "Hata mimi alinipa! Najaza bwawa adhuhuri!"

Simba akanguruma mpaka mawe yakatetemeka. "Kumbe tumechezewa! Kila mmoja na saa yake! Pimbi, umetufanya wajinga?"

Pimbi alitamani ardhi ipasuke. Lakini akawakumbuka wanawe, akainua kichwa. "Nisamehe, mzee. Naomba nikuulize moja tu. Taa zimezimika?"

"Hazijazimika," akakiri Kiboko.

"Ugali wa Mzee Tembo una mabonge? Bwawa la Bwana Kiboko limekauka?"

"Ugali mzuri," Tembo akanung'unika.

Fundi Kobe akatoa shingo polepole. "Mtambo ni uleule, maji ni yaleyale, bei haijapanda hata senti. Tena kuna familia ya Swala imehamia juzi, inaomba umeme. Kwa mpango huu nawaunganishia leo."

Simba akamkazia macho Pimbi, kisha kicheko kikamtoka bila kutaka. "Ha! Mama mdogo, akili kubwa! Basi zamu hizi ziwe sheria. Ila alasiri ni yangu, asiiguse mtu!"

Pimbi akarudi nyumbani akiimba. Akawakuta pacha wamesukuma blanketi kwa miguu yao wenyewe, wanalilia maziwa kwa sauti ya kuziba masikio.

Hadithi yangu inatua hapo, wanangu, na funzo lake ni hili: kidogo cha kupokezana huwatosha wengi kuliko kingi cha kugombania.